Kuichunguza Ngozi kwa Mwanga Kabla ya Kisu

Chini ya dermoskopu, kifaa kidogo cha mkononi chenye lenzi na taa cha kuitazamia ngozi, melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, haionekani kwa rangi moja. Ikiwa imekusanyika karibu kabisa na uso wa ngozi huonekana nyeusi; ikiwa chini kidogo, pale tabaka la juu linapokutana na tabaka la kati, huonekana ya kahawia; ikishuka zaidi hugeuka kijivu, na ikizama ndani ya tabaka la kati huonekana ya bluu. Kitu ni kile kile, na kimetengenezwa na seli za aina ile ile. Kinachotofautiana ni safari ya mwanga. Mawimbi mafupi ya bluu hutawanywa na kurudishwa upesi, huku mawimbi marefu yaliyo mekundu yakizama zaidi na kumezwa huko ndani. Kwa hiyo mtu aliyejifunza kusoma rangi hizo anaweza, bila kumdunga mgonjwa hata sindano ya ganzi, kukisia rangi ya doa imekaa kina gani, na katika melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza melanini, kina ndicho kinachoamua hatima ya mgonjwa kwa kiasi kikubwa.

Mimi ni tabibu wa magonjwa ya ngozi katika hospitali moja ya kaskazini mwa Tanzania, na hakuna kifaa ninachokitumia zaidi kila siku kuliko dermoskopu. Ninaandika makala hii kwa sababu habari nyingi zinazotufikia kuhusu uchunguzi wa ngozi kwa mwanga huzungumzia mashine kubwa na akili mnemba, na msomaji hubaki akidhani kwamba jambo hili ni la hospitali za Ulaya na Marekani peke yake, au kwamba sisi tutalipata siku tutakapokuwa na fedha nyingi. Ninavyoona mimi, kwa watu wetu faida kubwa zaidi imo katika kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi, mradi kitumiwe na jicho lililofunzwa kwenye ngozi yenye melanini nyingi na kwenye ngozi ya watu wenye ualbino, isiyo na melanini au yenye kidogo sana, kwa kuwa wagonjwa wetu ni hao wote wawili.

Nianze na namna kinavyofanya kazi. Mwanga unaoiangukia ngozi hauingii wote ndani. Sehemu yake huakisiwa na tabaka kavu la keratini lililo juu, na mng'ao huo huficha kilicho chini yake, kama kioo cha dirisha kinavyoficha chumba wakati wa jua kali. Dermoskopu huondoa mng'ao huo kwa moja ya njia mbili. Njia ya zamani ni kupaka kimiminika juu ya doa, iwe mafuta, spiriti au jeli ile inayotumika kwenye ultrasaundi, kisha kuweka kioo cha kifaa juu yake, ili mwanga usikutane na hewa katikati na kurudishwa kabla haujaingia. Njia ya pili ni kutumia vichujio viwili vya polaraizi, yaani vinavyopitisha mwanga unaotetemeka kwa mwelekeo mmoja tu, vilivyopishana kwa pembe ya nyuzi 90. Mwanga unaoakisiwa na uso wa ngozi hubaki na mwelekeo wake wa awali na kuzuiwa na kichujio cha pili, lakini ule uliozama ukatawanywa ndani ya ngozi hupoteza mwelekeo huo, na sehemu yake hupenya hadi kwenye jicho la mtazamaji. Ukiongeza lenzi inayokuza mara 10, taa ndogo chache na betri, umekimaliza kifaa chote.

Wazo lenyewe ni la zamani. Johann Saphier wa Munich aliandika juu ya kuitazama ngozi kwa hadubini mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1971 Rona MacKie wa Glasgow alionyesha kwamba njia hiyo inasaidia kutofautisha madoa salama na ya hatari kabla ya upasuaji. Mwaka 1987 madaktari wa Vienna walitoa mpangilio wa kusoma maumbo yanayoonekana, na tangu hapo dermoskopi ikawa elimu ya kufundishika badala ya kipaji cha mtu mmoja mmoja. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti nyingi na kukadiria kwamba, umahsusi (yaani sehemu ya wasio na ugonjwa wanaotambuliwa kuwa hawana) ukishikiliwa kwenye asilimia 80, daktari anayemtazama mgonjwa ana kwa ana kwa dermoskopu hunasa melanoma 92 katika kila 100, ilhali anayetumia macho matupu hunasa 76. Tofauti hiyo ni ya watu 16, na kila mmoja wao ni mtu ambaye angerudishwa nyumbani na saratani yake. Hata hivyo tafiti hizo kwa sehemu kubwa zilifanywa kwa watu weupe, na jambo hilo nitalirudia.

Kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi kinachokatwa ili kipimwe maabara, bado ndicho kinachotoa hukumu ya mwisho. Hakuna mwanga, uwe wa bei gani, uliochukua nafasi ya mtaalamu wa patholojia anayekata kipande hicho vipande vyembamba, kukipaka rangi na kupima kwa milimita jinsi melanoma ilivyozama, kipimo ambacho Alexander Breslow alikieleza mwaka 1970 na ambacho hadi leo ndicho kinachopanga matibabu. Kazi ya mwanga ni kutuambia nani akatwe na akatwe wapi, na hapa kwetu swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana kwa mbali. Kinyama huwekwa kwenye formalini na kusafirishwa hadi hospitali kubwa, majibu husubiriwa, na mgonjwa hulipa nauli ya kuja mara ya kwanza na nauli ya kufuata majibu. Isitoshe, ngozi nyeusi hupata keloidi kwa urahisi, na kovu linalovimba kifuani au begani kwa sababu ya doa lililokuwa salama tangu mwanzo ni madhara tuliyomsababishia mtu sisi wenyewe.

Mahali ambapo kifaa hiki hunisaidia zaidi ni kwenye unyayo. Melanoma ni ugonjwa wa nadra kwa watu weusi, lakini inapotokea hupenda kukaa mahali ambapo jua halifiki na watu hawaangalii: nyayo, viganja, na chini ya kucha. Ngozi ya unyayo ina matuta na vifereji vinavyokwenda sambamba, na vitundu vya jasho hufunguka juu ya matuta, vikionekana kama nukta nyeupe zilizopangwa mstari. Katika madoa mengi yaliyo salama rangi hufuata vifereji. Katika melanoma changa ya unyayo rangi hukaa juu ya matuta, kwa sababu seli zake huanza kuongezeka chini ya matuta hayo, karibu na mirija ya jasho. Daktari Toshiaki Saida na wenzake nchini Japani ndio walioieleza kanuni hii kwa undani, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004 alama ya matuta ilinasa asilimia 86 ya melanoma za unyayo na kiganja, kwa umahsusi wa asilimia 99.

Bibi mmoja mkulima aliletwa kliniki na mjukuu wake wa kike, akiwa na doa kisigino lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akanieleza kuwa ule ni mwiba ulioingia zamani ukabaki ndani, na kwamba amekwisha kuuchokonoa kwa sindano bila kuupata. Tulimwosha mguu kwa maji na sabuni, nikaparua taratibu ngozi iliyokomaa juu ya doa, nikafuta kwa spiriti, nikaweka jeli. Upande wa ndani wa kisigino, ambako doa lilikuwa jeusi zaidi kwa macho, rangi ilifuata vifereji na haikunitisha sana. Upande wa nje, ambako doa lilikuwa limefifia kiasi kwamba mtu angeliacha, rangi ya kahawia inayoelekea kijivu ilikuwa imepanda juu ya matuta, ikapanuka, na kuzizunguka nukta nyeupe za jasho bila kuziziba.

“Kwa hiyo, mjukuu wangu, umeuona ugonjwa bila kunikata?” aliniuliza.

“Hapana, bibi. Nimeona mahali pa kukata.”

Kinyama kilichukuliwa upande uliofifia, na majibu yalirudi kuwa ni melanoma ambayo ilikuwa bado haijazama. Alipelekwa kwa wapasuaji, doa likaondolewa na mguu ukabaki. Ninalisimulia hili kwa sababu kila aliyefundishwa kuchukua kinyama hufundishwa kuelekeza macho kwenye sehemu nyeusi kuliko zote, na kwenye unyayo sehemu hiyo si lazima iwe ndiyo yenye jibu.

Hata hivyo kanuni ya Kijapani haiwezi kuhamishwa kama ilivyo hadi kwenye nyayo zetu. Watu wengi weusi wana madoa ya asili ya unyayo, mengi kwa pamoja, kwenye miguu yote miwili, na baadhi ya madoa hayo huweka rangi juu ya matuta bila ugonjwa wowote. Damu iliyovia chini ya keratini baada ya kutembea sana au kujikwaa nayo huweza kukaa juu ya matuta, lakini ukiiparua hutoka na unyayo husafika. Na kwa watu wa pwani liko jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja tu: rangi za kupaka, hasa piko lenye kemikali ya parafenilinidiamini, zikikolea kwenye keratini ya kiganja au unyayo zinaweza kuiga alama ya melanoma ya matuta. Kwa hiyo anayemchunguza mwanamke aliyetoka kwenye harusi anapaswa kuuliza kwanza kuhusu hina na piko, kwa adabu na bila haraka, kabla ya kutamka neno saratani mbele ya mtu.

Kucha zina habari yake. Mistari ya rangi inayokwenda kwa urefu wa kucha ni ya kawaida kwa watu weusi, na ikiwa kwenye kucha kadhaa, myembamba na yenye rangi ya usawa, mara nyingi haina neno. Mstari mmoja peke yake kwa mtu mzima, unaoendelea kupanuka, wenye rangi zisizofanana, au ambao rangi yake imevuka kucha na kuingia kwenye ngozi inayoizunguka, ni wa kuchunguzwa bila kuchelewa. Bob Marley aligunduliwa kuwa na melanoma ya kidole cha mguu mwaka 1977 na akafariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Humtaja kwa wagonjwa wangu vijana, maana karibu wote wanamjua, na wengi hushangaa kwamba mtu mweusi anaweza kufa kwa saratani ya ngozi.

Kwa Afrika Mashariki haitoshi kuzungumzia melanoma. Saratani ya Kaposi imekuwapo Uganda na nchi jirani tangu kabla ya janga la UKIMWI, kisha janga hilo likaiongeza mara nyingi. Kwenye ngozi nyeusi vinundu vyake havionekani vyekundu wala vya zambarau kama vilivyochorwa vitabuni. Huonekana vyeusi tu, na mtu huvidhania kuwa makovu au majipu yaliyopona vibaya. Dermoskopu huipenya rangi ya juu na kuonyesha zambarau iliyo chini yake, na kwa mwanga wa polaraizi baadhi ya vinundu hutoa rangi nyingi za upinde wa mvua zilizokaa bega kwa bega. Rangi hizo si za Kaposi peke yake, na kinyama pamoja na kipimo cha VVU hubaki vya lazima, lakini zinatosha kumwondoa mgonjwa kwenye foleni ya dawa za fangasi, ambako wengi hupoteza miezi.

Hata magonjwa madogo hunufaika. Mdudu wa upele hafikii nusu milimita, na mwili wake unakaribia kuwa angavu, lakini kichwa chake na miguu yake ya mbele huonekana kama pembetatu ndogo ya kahawia mwishoni mwa mfereji mweupe aliouchimba. Ukiiona pembetatu hiyo kati ya vidole vya mtoto huna haja ya kubahatisha, na unaweza kuitibu nyumba nzima siku hiyo hiyo. Taa ya Wood, iliyobuniwa na mwanafizikia Mmarekani Robert Wood mwaka 1903, hutumia mwanga wa urujuanimno wenye wimbi la takriban nanomita 365, na huonyesha baka la vitiligo, ugonjwa unaoifanya ngozi ipoteze rangi kwa mabaka, likiwa jeupe lenye ubluu hata kwa mtu mweupe ambaye baka lake halionekani vizuri. Kwa mapunye ya watoto ina mpaka wake: fangasi wa jamii ya Microsporum wengi hung'aa kijani, lakini Trichophyton violaceum, anayepatikana sana upande wetu wa Afrika, haing'ai. Mwalimu wa afya anayepita shuleni na taa hiyo akitegemea kijani atawaacha watoto wengi wenye mapunye wakidhaniwa wazima.

Sasa nije kwa wale ambao ngozi yao haina melanini au ina kidogo sana. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kilicho juu mara nyingi ukilinganisha na Ulaya au Marekani, na jua letu ni la ikweta. Saratani inayowaua zaidi ni ya seli za skwama, yaani seli bapa za tabaka la juu la ngozi, ambayo huanza kwenye midomo, masikio, uso na shingo, mara nyingi katika umri ambao wenzao wanamaliza masomo au wanaanza familia. Mjini Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, RDTC, kilichoanza mwaka 1992 na kilichofundisha watumishi wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo ndipo hutengenezwa losheni ya Kilisun ya kuzuia miale ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Losheni na kofia pana huokoa watu kuliko kifaa chochote ninachokieleza hapa, na anayeandika juu ya vifaa akaacha kulisema hilo hajasema ukweli wote.

Lakini losheni haiwezi kufuta jua lililokwisha kuingia utotoni. Mgongo wa mkono wa kijana wa miaka 20 mwenye ualbino unaweza kuwa na mabaka makavu mengi, na mengi ya hayo hutibiwa kwa kugandishwa na naitrojeni ya kimiminika, ilhali machache yamekwisha kugeuka saratani na yanahitaji kisu. Kuyatenganisha ndiyo kazi. Hapa lugha ya rangi niliyoanza nayo haisaidii, kwa kuwa melanini haipo au ni kidogo mno. Tunasoma mishipa ya damu na keratini. Tunatafuta nukta nyekundu zilizosongamana, mishipa iliyojikunja na kurudi ilikotoka, duara nyeupe kuzunguka matundu ya vinyweleo, na vipande vya keratini ya manjano iliyochanganyika na damu iliyokauka. Ni lazima mkono uwe mwepesi sana. Ukikandamiza kioo cha dermoskopu kwenye sikio au mdomo, mishipa hiyo midogo huishiwa damu na kutoweka mbele ya macho yako, na saratani huonekana kama ngozi iliyopauka tu. Mimi huweka jeli nyingi ili kioo kielee juu yake, au hutumia mwanga wa polaraizi bila kugusa, na humwomba mgonjwa ashushe pumzi na kutulia, kwa sababu katika ukuzaji wa mara 10 hata kupumua hutikisa picha.

Zipo mashine zinazoona zaidi ya hapo, na haifai kuzidharau kwa kuwa hatunazo. Hadubini ya konfokali hutumia leza ya nanomita 830 na kitundu kidogo kinachozuia mwanga wote usiotoka kwenye kina kilichochaguliwa. Marvin Minsky aliwasilisha wazo hilo mwaka 1957, na mwaka 1995 Milind Rajadhyaksha na wenzake wakachapisha picha za ngozi ya mtu aliye hai zilizopigwa kwa njia hiyo. Mashine hii huona seli moja moja hadi kina cha takriban mikromita 200, na melanini hung'aa ndani yake kuliko kitu kingine, kiasi kwamba kwenye ngozi nyeusi mpaka wa tabaka la juu na la kati huonekana kama pete angavu zilizopangwa vizuri. Pale pete hizo zinapovurugika, na seli kubwa angavu zinapopanda juu ambako hazistahili kuwapo, mtaalamu husimama. Tomografia ya OCT, iliyotangazwa mwaka 1991 na kundi lililomjumuisha James Fujimoto wa MIT, ilianza kwenye jicho na hadi leo ndiko inakotumika zaidi. Yenyewe hupima mwangwi wa mwanga wa infraredi, huzama milimita moja hadi mbili, lakini haioni seli kwa uwazi ule. Huo ndio mvutano usiokwepeka katika fani hii: unavyozama zaidi ndivyo unavyopoteza undani wa picha, kwa sababu ngozi hutawanya mwanga. OCT hutumika vizuri kwa saratani ya seli za msingi, zile za chini kabisa katika tabaka la juu la ngozi, ambayo vinundu vyake hukaa katika kina hicho, na daktari anaweza kuutazama mpaka wa uvimbe kabla ya kukata. Ziko pia mashine za fotoni nyingi zinazosoma mng'ao wa seli zenyewe na wa nyuzi za kolajeni, lakini hizo kwa sasa ni za maabara zaidi kuliko za wagonjwa. Mashine za namna hii hugharimu makumi ya maelfu ya dola au zaidi, na huhitaji mafundi, umeme usiokatika, na msomaji aliyefunzwa kwa miaka. Kwa bei ya mashine moja ya konfokali wilaya nyingi zingepata dermoskopu na mafunzo ya kuitumia, na kama ningepewa kuchagua nisingesita.

Nilisema nitarudia habari ya watu weupe. Mwanga hauna upendeleo, ila anayekirekebisha kifaa humrekebishia mtu fulani. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho nacho ni kifaa cha mwanga, kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi mara karibu tatu kuliko kwa weupe. Kipimo cha aina za ngozi cha Thomas Fitzpatrick cha mwaka 1975, kinachotumiwa hadi leo kupanga picha na vifaa, mwanzoni kilitungwa kwa watu weupe waliokuwa wakitibiwa kwa miale ya urujuanimno, na ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Mwaka 2017 programu ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford iliyofunzwa kwa picha 129,450 iliwafikia madaktari wa ngozi 21 katika kutambua saratani kwa picha, na dunia ikashangilia. Mwaka 2022 watafiti wa Stanford hiyo hiyo walikusanya picha 656 zilizothibitishwa kwa kinyama, zenye ngozi za rangi mbalimbali, na programu walizozipima zikafanya vibaya zaidi kwenye ngozi nyeusi. Sehemu ya utafiti huo inayonipa matumaini ni ile iliyofuata: programu zilipofunzwa tena kwa picha hizo mpya, pengo lilizibika. Kwa maneno mengine, kilichokosekana ni picha.

Na picha hizo tunazo sisi. Ziko kwenye kliniki za Moshi, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bukavu, kila siku, kwenye miguu ya wagonjwa wanaosubiri kwenye mabenchi. Nyingi hazipigwi, na zinazopigwa hubaki kwenye simu za watumishi bila ridhaa iliyoandikwa, bila majibu ya kinyama, na hupotea simu inapoharibika. Ningependa kila hospitali ya mkoa iwe na utaratibu wa kudumu: mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka picha yake itatumika kwa nini na nani ataiona, akubali au akatae bila kunyimwa huduma, uso wake usionekane pasipo sababu, na picha iunganishwe na majibu ya patholojia yanaporudi. Ningependa pia ghala hizo zikae chini ya taasisi zetu, ili mtafiti wa nje anayezihitaji aje azungumze nasi. Bila hilo, vijana wetu watajifunza dermoskopi kwa picha za visigino vya Ulaya na Japani, na mgonjwa wa Mwanza au Kigoma atachunguzwa kwa kumbukumbu ya ngozi isiyo yake.

Kwa yeyote anayejiandaa kuja kuonyesha doa, yako mambo machache yatakayoturahisishia kazi. Osha miguu na uje bila hina wala piko jipya. Ikiwa umeshapaka, tuambie umepaka lini. Futa rangi za kucha zote, za mikono na za miguu, hata kama tatizo ni ukucha mmoja, kwa kuwa tutahitaji kuulinganisha na mingine. Usilichokonoe doa wala usiliweke dawa ya kuunguza, kwa kuwa damu na kovu vitaficha alama tunazozitafuta. Kama una picha ya zamani ya doa hilo, hata iliyopigwa kwa simu ya kawaida, njoo nayo, maana doa lililobadilika umbo ndani ya miezi michache ni tofauti na lililokaa vile vile tangu ujana wako. Na ikiwa una ualbino, usisubiri kidonda: njoo ukiwa na ngozi nzima, uvue shati, tukutazame mgongo, masikio na nyuma ya shingo, sehemu ambazo wewe mwenyewe huwezi kuziona.